Mpe kocha mechi ya marudiano: namna ya kumvumilia kocha aliyebanwa

Usiku wa kipigo usidai kocha atimuliwe. Lia, zima simu, lala na njaa ukitaka, lakini uamuzi uache mpaka uitazame mechi mara ya pili. Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, tawi letu liko Mbagala, na katika mambo yote yanayoniumiza kwenye mpira wetu hakuna linaloniumiza kama kuona benchi la ufundi linavunjwa kwa hasira ya wiki moja. Haya ninayoyaandika nawaandikia Yanga wenzangu, ingawa jirani zetu wa Msimbazi, yaani Simba, yanawahusu vilevile.

Ukishatulia, uliza kwanza nani hakuwepo uwanjani. Septemba 2021 tulitolewa Ligi ya Mabingwa Afrika na Rivers United ya Nigeria, 1-0 nyumbani na 1-0 kwao. Kocha wetu Nasreddine Nabi alikuwa na miezi mitano tu tangu aje. Kijiweni kwetu alishahukumiwa kabla ndege haijarudi. Lakini mechi ile ya nyumbani Fiston Mayele hakucheza, wala Khalid Aucho, wala Djuma Shaban, kwa sababu ya ITC, kibali cha kimataifa cha uhamisho. Yaani mshambuliaji, kiungo mkabaji na beki wa kulia, uti wa mgongo wa timu iliyosukwa upya, wote watatu wakiwa watazamaji. Siku chache baadaye, kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungulia msimu, Mayele akaruhusiwa kucheza, akamfunga Simba bao pekee. Kocha alikuwa yule yule. Msimu huo tukachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, baada ya Simba kuuchukua misimu minne mfululizo.

Kwa hiyo chukua daftari. Mimi natumia kaunta buku la kawaida, ukurasa mmoja kwa mechi moja. Juu naandika majina ya wachezaji wa kikosi cha kwanza waliokosekana na sababu: majeruhi, kadi, vibali, uchovu wa kutoka timu ya taifa. Wakifika watatu au zaidi, naweka nyota pembeni ya matokeo, na matokeo yenye nyota siyatumii kumhukumu mtu.

Halafu irudie mechi ukiwa umezima sauti ya mtangazaji. Usitazame mpira, tazama watu wetu wanafanya nini mpira ukipotea. Hapo ndipo kazi ya kocha inapoonekana kuliko mahali pengine popote. Timu iliyofundishwa, mpira ukinyang'anywa, aliye karibu anaruka hapo hapo, wa pili anaziba njia ya pasi, mabeki wanasogea mbele kwa pamoja ili wasiache uwazi nyuma ya viungo. Timu iliyomchoka kocha wake, au isiyofundishwa, kila mtu anamtazama mwenzake. Winga anainua mikono. Kiungo anatembea. Weka alama kila mpira unapopotea: mkimbio au matembezi. Fanya hivyo kwa kipindi kimoja tu, utashangaa ukurasa unavyosema tofauti na ubao wa matokeo. Unaweza kufungwa 2-0 ukurasa umejaa mikimbio, na unaweza kushinda 1-0 kwa penalti huku ukurasa unatisha. Mimi huwa na hofu zaidi na ushindi wa namna hiyo ya pili.

Linalofuata ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: subiri mechi ya marudiano. Kocha hapimwi kwa kufungwa, maana wote wanafungwa. Anapimwa akikutana tena na kilichomfunga. Je, amekisoma? Amerekebisha nini? Na kipimo hiki hakipatikani kama umeshamfukuza.

Rudi kwa Nabi. Oktoba 2022 tukatolewa tena Ligi ya Mabingwa, safari hii na Al Hilal ya Sudan, 1-1 Dar es Salaam na 1-0 Omdurman. Ilikuwa mara ya pili kwake kukwama kabla ya makundi, na kelele za "aende" zilikuwa kubwa kweli. Uongozi ukavumilia. Tukashuka Kombe la Shirikisho, mashindano ya pili ya klabu za Afrika, tukaenda kushinda Tunis dhidi ya Club Africain kwa bao la Aziz Ki, tukaongoza kundi lenye TP Mazembe. Na robo fainali, Aprili 2023, tukapangiwa nani? Rivers United. Wale wale. Tukawafunga 2-0 kwao Nigeria, mabao yote ya Mayele, na nyumbani tukatoka 0-0. Mwisho wake ilikuwa fainali na USM Alger: tukafungwa 2-1 nyumbani kwenye Uwanja wa Mkapa, tukashinda 1-0 kwao Algeria, kombe likaondoka kwa kanuni ya goli la ugenini. Bila uvumilivu wa Oktoba hakuna fainali ya Juni.

Miguel Gamondi, kocha wetu baada ya Nabi, naye alifanya hivyo hivyo kwa kasi zaidi. Novemba 2023 CR Belouizdad walitupiga 3-0 kule Algiers, mechi yetu ya kwanza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya miaka 25. Februari 2024 wakaja kwa Mkapa, wakala 4-0. Ukitaka kujua kocha anafanya kazi gani kwa wiki, weka mechi hizo mbili pembeni kwa pembeni. Tukafika robo fainali, tukatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya mechi mbili zisizo na bao.

Sasa fungua kalenda, hiyo ndiyo hatua ambayo watu wetu wanairuka. Novemba 2024 tulifungwa na Azam 1-0, mechi ambayo beki wetu Bacca alitolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, kisha Tabora United wakatupiga 3-1. Mechi mbili. Gamondi akaondolewa Novemba 15 pamoja na msaidizi wake Moussa N'Daw. Ukitazama kalenda ya wakati ule, kulikuwa na nini mbele? Siku 11 baadaye, mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, tena na Al Hilal, kwa Mkapa. Dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, lilikuwa bado halijafunguliwa. Wachezaji kadhaa walikuwa wametawanyika na timu za taifa. Kocha mpya, Sead Ramovic, akapewa kikosi alichochagua mwenzake, bila nafasi ya kusajili na bila siku za kutosha za mazoezi. Tukafungwa 2-0 nyumbani. Tukaenda Algeria, MC Alger 2-0. Mechi mbili, pointi sifuri.

Angalia kilichotokea baada ya hapo. Timu ilipomwelewa kocha mpya ikaanza kucheza: Mazembe tuliotoka nao sare kwao wakafungwa 3-1 Dar es Salaam, na Al Hilal wale wale waliotupiga kwa Mkapa tukawafunga 1-0 huko Mauritania walikokuwa wanachezea. Tukaishia pointi 8. MC Alger wakapita na 9. Pointi moja, wakati sita tulizitoa tukiwa bado tunajuana majina.

Najua nitajibiwa: ubingwa wa 2024/25 si tuliuchukua? Tuliuchukua, na niliushangilia mpaka sauti ikakauka. Kikosi kile kilikuwa kizuri mno, kingeweza kubeba ligi na kocha yeyote mwenye akili. Lakini huko Afrika, timu pinzani nazo zina vikosi vizuri, na hapo tofauti inaletwa na mazoea: beki anajua kipa wake atatoa pasi lini, kiungo anajua winga atakata ndani au atabaki pembeni. Mazoea hayo hayanunuliwi dirishani. Na Ramovic mwenyewe, Februari 2025 akatuaga, akaenda Belouizdad. Klabu inayoachana na makocha kirahisi isitegemee kocha ataona tabu kuachana nayo.

Kwa watani zetu ni hivyo hivyo. Novemba 2023 tuliwafunga 5-1, na siku mbili baadaye kocha wao Robertinho hana kazi, wakati kwenye ligi alikuwa ameshinda kila mechi kabla ya siku ile. Msimu huo Simba walimaliza wa tatu, nyuma ya Azam. Baadaye kocha wao mwingine, Fadlu Davids, akafungwa na sisi zaidi ya mara moja katika msimu wake wa kwanza, wakamwacha afanye kazi, akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho 2025. Nasema haya nikiwa Yanga damu, na kukiri huko kunanigharimu kijiweni.

Sisemi kocha asiondolewe kamwe. Mimi nina dalili zangu na zikitimia nasimama mwenyewe kwenye tawi kusema basi. Ya kwanza ni bao la aina moja kurudi rudi: kona ya nguzo ya mbali leo, kona ya nguzo ya mbali wiki ijayo, na wiki inayofuata, bila mtu kuhamishwa pale. Ya pili, matembezi kuzidi mikimbio kwenye daftari mechi baada ya mechi, hata tukiwa na kikosi kamili. Ya tatu, kocha kuwatupia wachezaji lawama hadharani kila tukifungwa na kujichukulia sifa kila tukishinda. Hiyo ya tatu haina dawa, chumba cha kubadilishia nguo kikishamkataa hakirudi. Nikiona moja tu, nangoja. Nikiona zote, sina haja ya kungoja marudiano.

Na siku hiyo ikifika, usipige kelele mtandaoni. Nenda kwenye tawi lako, wewe ni mwanachama una kadi, umwombe mwenyekiti apeleke maswali yenu juu kwa maandishi. Maswali yenyewe yawe haya: anayekuja ni nani, amekwisha kubali au bado anatafutwa, anakuja na wasaidizi wangapi, fidia ya anayeondoka ni kiasi gani, na kati ya siku atakayotua uwanja wa ndege na mechi ya kwanza ya mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, kuna siku ngapi za mazoezi. Kama viongozi hawana jibu la hilo la mwisho, kocha aliyepo abaki mpaka dirisha dogo.