Ficha alama ndani ya picha, mtu akiichezea ujue

Wengi wakitaka kulinda picha wanabandika jina kwenye kona, sasa kona si inakatwa tu, na hata ikibaki haikwambii kama mtu kageuza tarehe au kafuta sura ya mtu pale katikati. Alama ya kukwambia hilo lazima ikae ndani ya pikseli zenyewe, yaani vile vidoti vidogo vya rangi vinavyounda picha.

Iko hivi. Kila pikseli ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja 0 hadi 255, yaani biti 8 (biti ni 0 au 1). Biti ya mwisho ukiigeuza namba inasogea kwa 1 tu, 200 inakuwa 201, jicho halioni kitu. Humo ndo tunaficha.

Fungua picha kwa Python (lugha ya kuandika programu), maktaba zake za Pillow na NumPy zinatosha. Punguza kingo upana na urefu vigawanyike kwa 8, kisha kata vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande, biti ya mwisho ya bluu ifanye 0, halafu chukua namba za rangi zote tatu (ukiacha nyekundu na kijani mtu atazichezea na hutajua), unganisha nazo namba ya kipande na kitambulisho cha picha (jina au namba uliyoipa picha hiyo), pitisha kwenye HMAC-SHA256, hesabu inayotoa muhuri ambao asiye na ufunguo hawezi kuutengeneza, pamoja na ufunguo wako wa siri. Zinatoka biti 256, chukua 64 za mwanzo, kipande kina pikseli 64, kwa hiyo kila bluu inabeba biti moja pale kwenye biti yake ya mwisho.

Namba ya kipande usiiruke jamani! Bila hiyo mtu anahamisha kipande halali toka kona moja kwenda nyingine na ukaguzi unapita vizuri kabisa.

Sevu PNG, sio JPEG, maana JPEG inavuruga hizo biti za mwisho zote. Kwenye WhatsApp pia itume kama dokyumenti, ukituma kama picha inabanwa na alama imekufa.

Kukagua unarudia hesabu ileile na ufunguo uleule, kipande kisicholingana na biti zilizofichwa kipake rangi nyekundu. Tarakimu 3 iliyogeuzwa 8 itakuja na viboksi vyekundu hapohapo ilipo, kwingine kote safi. Ila picha nzima ikiwa nyekundu usikimbilie kumwita mtu mwongo, huenda aliisevu upya tu au kakata ukingo vipande vikahama, muombe faili la mwanzo ukague tena.