Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Kompyuta Kuukuu Inayogoma Kuwaka

Kompyuta ya mezani iliyotumika miaka kumi au zaidi inapogoma kuwaka, wengi wetu hapa Mwanza hukimbilia bisibisi, ilhali kazi ya kwanza ni kutazama na kusikiliza. Mashine iliyo kimya kabisa ina tatizo tofauti na ile ambayo feni zake zinazunguka huku monita ikibaki nyeusi, na zote mbili hazifanani na ile inayoanza vizuri kisha ikakwama kabla ya kufikia Windows. Andika ulichokiona, pamoja na idadi ya milio uliyoisikia baada ya kubonyeza swichi, kwani fundi atakuuliza hayo kabla ya jambo jingine lolote.

Iwapo kompyuta huwaka leo na kugoma kesho, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje siku ileile inapokubali. Diski inayogongagonga isiwashwe tena na tena kwa majaribio.

Upande wa umeme, chomeka taa katika soketi ileile na ujaribu waya mwingine kabla ya kuilaumu pawa saplai, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Mashine nyingi za mtumba zina kijiswichi chekundu kwa nyuma chenye alama za 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo kikiachwa kwenye 115 huweza kuiunguza pawa saplai papo hapo. Kasha la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna shida zetu za ziada. Wale vijidudu wanaopaa kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga wa taa usiku, wakaingia katika matundu ya kasha na kufia humo, na mizoga yao ikichanganyika na vumbi huziba feni. Unyevu nao hushambulia taratibu meno ya RAM (vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ya muda, na meno ni miguso yake ya chuma ukingoni), na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia monita inapobaki nyeusi. Zima mashine, chomoa waya, bonyeza swichi kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Toa RAM, sugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli ukiwa mbali na kasha, pangusa vumbi la kifutio, halafu urudishe kipande kimoja kimoja ukijaribu kuwasha kila mara. (Kifutio kile kigumu cha wino kisitumike, kwani hukwangua.)

Saa ikirudi nyuma miaka mingi kila unapowasha, betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, imechoka. Ni bei nafuu, lakini kabla ya kuitoa piga picha za kurasa za mipangilio ya awali (BIOS, zile zinazofunguliwa kabla ya Windows kuanza), hasa palipoandikwa IDE au AHCI, ambazo ni namna mbili za kompyuta kuwasiliana na diski, kwa sababu mpangilio huo ukibadilika betri inapotolewa, Windows inaweza kukataa kuanza ingawa diski ni nzima, ukajikuta unanunua diski usiyoihitaji.