Kinyonga wako wa kwanza: jenga banda kabla hujaenda kumnunua

Watu wa kwetu tunaoishi huku Marekani wakija kwangu wakaona nafuga kinyonga wanashtuka, maana wengi tumekuzwa tukiambiwa kinyonga ana sumu na ukikutana naye njiani ni balaa. Hana sumu jamani. Watoto waliozaliwa huku hawana huo uoga, wanamuona dukani wanamtaka palepale, alafu mzazi ndo ananipigia, tununue yupi na tumweke wapi. Naomba nianze na banda, kwa sababu wengi wanaofiwa wanakosea hapo.

Mi wa kwanza niliuziwa na kiboksi cha kioo na taa moja nyekundu, muuzaji akaniambia inatosha. Baada ya miezi michache miguu ikaanza kupinda, taya likalegea, mwisho akawa hawezi hata kushika tawi, na daktari akaniambia ni mifupa, kinyonga asipopata mionzi ya UVB, ile iliyomo kwenye mwanga wa jua, mwili hautengenezi vitamini D3 na bila hiyo kalsiamu unayompa haimsaidii. Alikufa. Mpaka leo inaniuma, maana alichokosa ni taa tu.

Kwahiyo taa. Nunua ile ndefu ya mrija ya T5 inayotoa UVB, sio kibalbu cha kuzungusha, na uibadilishe kila baada ya miezi 6 mpaka 12 kulingana na aina yake hata kama bado inawaka, macho yako yataona mwanga lakini mionzi imeshapungua sana. Pembeni yake weka taa ya joto, ile nyeupe ya kawaida inafaa, uielekeze tawi la juu ili pale anapoota joto pafike kama nyuzi 29 za Selsiasi hivi, na upime na kipimajoto usikisie kwa mkono. Huku chini pabaki pa ubaridi kidogo ili ajichagulie mwenyewe. Usiku zima zote, anataka giza, zile taa nyekundu za usiku achana nazo.

Banda lenyewe liende juu, kinyonga anaishi mtini. Kwa mkubwa mi naona kipimo cha chini kabisa ni upana sentimita 60, kina 60 na kimo 120, na liwe la wavu hewa ipite. Ila ukiishi sehemu za baridi kama sisi, hita ya nyumba inakausha hewa mpaka midomo yetu wenyewe inapasuka, basi ziba mgongo na ubavu mmoja au miwili kwa plastiki ngumu, mbele na juu ubaki wavu. Liweke juu ya meza au kabati, akiwa chini watu wakipita juu yake anajiona anawindwa. Ndani panga matawi ya kulala kwa kimo tofauti, jaza mimea hai kama ficus na pothos, lakini osha majani kwanza na ubadilishe udongo kwa sababu maduka ya maua yanapulizia dawa. Mmoja kwa banda moja, hata wakiwa ndugu.

Maji hanywi kwenye bakuli. Analamba matone kwenye majani, kwahiyo pulizia asubuhi na jioni, na mchana weka kopo lenye kitundu kidogo juu ya banda lidondoshe taratibu, alafu pakauke kabla ya kupulizia tena. Angalia kinyesi, ile sehemu ya mkojo ikiwa nyeupe yuko sawa, ikigeuka rangi ya chungwa ana kiu.

Sasa yupi? Kwa anayeanza mi nasema dume la kinyonga wa Yemen, yule mwenye kilemba kirefu kichwani, anavumilia makosa madogo kuliko wengi. Jike anataga hata bila dume, na asipopata ndoo ya mchanga wenye unyevu wa kina kama sentimita 30 mayai yanaweza kumkwama akafa. Yule wa rangirangi wa Madagaska naye mzuri ila bei yake iko juu.

Najua moyo utakuvuta kwa yule wa pembe tatu wa Mlima Kenya, hata wangu ulivutwa, lakini huyo ni wa milimani, anataka usiku wa baridi na unyevu mwingi, ndo maana walioachiwa Hawaii mwaka 1972 wakastawi kule. Na wale wa Usambara, ambao wataalamu mwaka 2006 waliwapa jina Kinyongia kutoka kwenye neno letu wenyewe, waache msituni kwao. Aliyekamatwa porini anakuja na minyoo na mshtuko, mara nyingi hamalizi mwaka. Walioko nyumbani pia msiokote wa shambani mkamfungia, ni mnyama wa porini na sheria inamlinda, Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016.

Ukifika kwa muuzaji muulize kama amezaliwa kwenye ufugaji na ana miezi mingapi, chini ya 3 usichukue. Macho yawe yamejaa na yanazunguka, akifumba mchana ni mgonjwa. Miguu inyooke, ashike tawi kwa nguvu, na umuombe amlishe ukiona. Chakula ni nyenje hai, wasizidi upana ulio kati ya macho ya kinyonga, wapakwe unga wa kalsiamu, na hao nyenje uwalishe mboga kwanza.

Washa taa za banda siku 3 likiwa tupu upime joto. Akishaingia wiki ya kwanza usimshike kabisa, watoto wamtazame kwa mbali, we ni maji na chakula tu.