Mtoto mwenye ulemavu wa akili anatimiza miaka 18 Texas: jinsi ya kuomba ulezi mahakamani

Kwetu mama haachi kuwa mlezi kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa. Texas, binti yako akifikisha miaka 18 ni mtu mzima kisheria, hata kama asubuhi hiyo umemfunga kamba za viatu. Nawatafsiria wazazi wa Kikongo hapa Houston, na wengi hunitafuta wakati kliniki imeshakataa kuzungumza nao. Ombi linaruhusiwa kuanzia siku 180 kabla ya kutimiza miaka hiyo, kwa hiyo anza mapema.

1. Jiulize kama unauhitaji. Ulezi wa mahakama unamwondolea mtoto haki ya kujiamulia, na jaji atataka kujua ni njia gani nyingine zilizofikiriwa. Kama shida ni kupokea hela zake za SSI tu (msaada wa serikali kuu kwa wenye ulemavu), hautakusaidia: idara inayozitoa, Social Security, huteua mpokeaji wao wenyewe. Kijana anayeelewa akielezwa taratibu anaweza kutia saini makubaliano ya kusaidiwa kuamua, yanayotambuliwa na sheria ya Texas tangu 2015. Yanataka mashahidi wawili au notari, basi. Mimi ningeanzia hapo.

2. Tafuta cheti cha daktari. Kisizidi siku 120 unapopeleka ombi. Kwa ulemavu wa akili, tathmini iliyofanywa ndani ya miezi 24 kabla ya kesi kusikilizwa inaweza kutumika. Karatasi ya shule ya tangu darasa la sita usihangaike nayo.

3. Peleka ombi. Katika kaunti ya Harris ni mahakama ya mirathi; jina lisikutishe, hakuna aliyekufa. Mtoto hana mali? Omba ulezi wa mtu mwenyewe, achana na ule wa mali. Anayoyaweza mwenyewe, mwachie. Huna pesa za ada, jaza fomu ya kutomudu gharama.

4. Jiandae kwa mgeni. Sheria inataka mtoto akabidhiwe karatasi za kesi mkononi, na kwa kawaida anayezileta ni konstebo mwenye sare na bastola kiunoni. Mama mmoja wa Bukavu alizima taa, akawalaza watoto sakafuni, akidhani wamekuja kuwafukuza nchini. Konstebo akaondoka, kesi ikasogezwa mbele. Waambie wote nyumbani, na bibi asisahauliwe: konstebo akigonga, fungueni, mwiteni mwenye jina lililo kwenye karatasi.

5. Wakili anayeteuliwa na mahakama ni wa mtoto. Si wako. Atazungumza naye faragha na anaweza kukupinga. Usimjibie mtoto, hata akinyamaza muda mrefu.

6. Jisajili kwa tume ya jimbo inayosajili walezi (JBCC), maliza mafunzo ya mtandaoni, upite uchunguzi wa jinai.

7. Siku ya kesi. Omba mkalimani mapema, na useme ni Kiswahili cha wapi. Amri lazima ieleze kama mtoto anabaki na haki ya kupiga kura. Mkumbushe wakili wako mwenyewe, si yule wa mtoto. Kiapo ni ndani ya siku 20 baada ya amri, pamoja na dhamana ya mlezi, ndipo utolewe barua za ulezi, yaani hati za kuonyesha kuwa wewe ndiye mlezi. Chukua nakala kadhaa zenye muhuri.

Barua hizo zinakwisha nguvu baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Kila mwaka unapeleka ripoti: mtoto anaishi wapi, anatibiwa na nani, anashindaje. Usipoipeleka hupati barua mpya, na pale dirishani kliniki wataanza upya kukuuliza wewe ni nani wake.