Ombi Liko Wapi? Namna ya kusoma lalamiko la mtazamaji lililokufikia kwenye simu

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kufungua barua pepe za watazamaji katika kituo kimoja kidogo cha televisheni hapa Kigoma. Jina la kituo tuliache. Asubuhi nawasha kompyuta, nachambua: huyu anaomba salamu, huyu king'amuzi kimeganda anadhani sisi ndio tumekigandisha, huyu analalamika. Malalamiko hayakuwa mengi. Siku hizi nina steshenari yangu Gungu, natoa fotokopi na kuwachapia watu barua, na wateja wamezoea kuniwekea simu mezani: "Dada, hebu isome hii. Ni kweli?" Mara nyingi ni picha ya barua ambayo mtu fulani ameiandikia TV fulani. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa ninavyozisoma.

Kabla ya yote nikiri jambo. Barua iliyotusumbua sisi kituoni, picha yake ya kwanza niliipiga mimi.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mama mmoja wa Ujiji alituandikia kwa simu ya mwanawe, mistari mitatu: "Jana mmekata adhana ya magharibi katikati mkaweka tangazo la sabuni. Naomba tangazo liwekwe kabla au baada. Ahsanteni." Mimi nikaona ni barua tamu, nikapiga picha kioo cha kompyuta, nikaituma kwenye grupu la familia yetu na maneno, "Oneni tunavyopewa vidonge vyetu." Nilicheka, nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu picha ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua. Mstari wa ombi haukuwepo. Juu yake mtu ameandika: "KITUO CHAKATA ADHANA." Siku ya tano lilikuja andiko refu bila picha, likisema kuanzia mwezi ujao hakuna adhana hewani, kila Mwislamu atume kwa wenzake kumi. Na wiki haijaisha, binamu yangu anayeimba kwaya Mwanga akaniletea toleo la upande wao: eti Waislamu wameandikia kituo barua, nyimbo za injili zitafutwa. Barua ni ileile! Mistari mitatu imetisha misikiti na makanisa kwa pamoja. Yule mama alikuja ofisini amejitanda kanga hadi usoni, kaka zake wamemgombeza kwa kuuza maneno. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nililalamikia sabuni."

Kwa hiyo cha kwanza ninachokifanya nikipewa simu ni kutafuta ombi. Mtu aliyetulia akaiandikia televisheni anataka kitu: kipindi kirudi saa yake ya zamani, tangazo lisogezwe, mtangazaji aombe radhi. Ombi ndilo linalopotea mapema kuliko vyote, na sababu zake si za ajabu. Kwanza, ombi hukaa chini, na anayekata picha ili iingie kwenye status hukata chini. Pili, ombi hupoza moto. Nani atamtumia shemeji yake habari ya sabuni kusogezwa? Ukiisoma barua ukaona hasira tupu, hujui mwandishi alitaka afanyiwe nini, basi umeshika kipande. Usibishane na kipande. Uliza kilichobaki kiko wapi.

Marekani walipata somo hili kabla yetu, tena kwa karatasi. Desemba 1974 watu wawili, Jeremy Lansman na Lorenzo Milam, waliandikia FCC, tume inayosimamia mawasiliano kule. Walitaka vituo vilivyo kwenye masafa yaliyotengwa kwa elimu vichunguzwe, na uchunguzi ukiendelea, taasisi za dini zisipewe leseni mpya katika masafa hayo. Ombi likapewa namba RM-2493. Tarehe 1 Agosti 1975 tume ikalikataa. Kesi imekwisha. Lakini mitaani ikaenea kwamba Madalyn Murray O'Hair, mwanamke aliyejulikana nchi nzima kwa kukana kuwapo kwa Mungu, ameomba vipindi vyote vya dini vifutwe hewani. Hakuwa na mkono katika ombi lile. Tume ikapokea barua za kupinga kwa mamilioni, miaka nenda miaka rudi, na intaneti ilipoingia uzushi ukahamia kwenye barua pepe. O'Hair alitoweka mwaka 1995, mabaki ya mwili wake yakapatikana 2001, na bado watu walikuwa wanatumiana onyo kwamba anafuta dini kwenye TV.

Niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikakumbuka adhana yetu nikanyamaza. Angalia lakini ile namba. RM-2493 ni namba ya kweli, na ndiyo iliyowapa watu imani. Kwa hiyo usilainike ukiona kumbukumbu namba, nembo au muhuri. Muhuri unaweza kuwa halali na habari iliyoandikwa juu yake ikawa ya mtu mwingine kabisa.

Baada ya ombi, tafuta kitu ambacho mwenyeji hawezi kukosea. Lile andiko refu lilisema adhana ilikatwa "saa 12 na nusu jioni." Nilipoona hivyo nikajua aliyeliandika hayuko Kigoma. Huku mwisho wa reli magharibi huja karibu dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Saa 12 na nusu jua bado liko juu ya ziwa, linaelekea milima ya Kongo, na Ujiji hakuna aliyefikiria futari bado. Mtu alikuwa amechukua habari yetu akaivalisha saa ya pwani. Vitu vya namna hii viko kwenye kila barua: jina la kipindi, siku kinayorushwa, mtaa. Kama barua inasema "kwenye TV yao jana", haisemi TV ipi wala jana ya lini, huna cha kuhakiki.

Kisha omba barua yenyewe. Kwenye WhatsApp utaona mishale miwili kwenye ujumbe uliopita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unausambaza kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa mara. Ni msaada, ila usiutegemee: mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, au akipiga skrinishoti, mishale inabaki nyuma na ujumbe unaonekana mchanga. Mwambie aliyekutumia akurudishe kwa aliyemtumia. Wengi hukwama mtu wa pili, na hilo nalo ni jibu. Ukimfikia mwenye barua, mwombe aikufungulie barua pepe yenyewe kwenye simu yake, uione tarehe, uone anwani ya alikotuma na siyo jina tu, kwa sababu jina mtu hujiandikia apendavyo. Akisema atakutumia kwa kuisambaza, sawa, lakini ujue barua pepe inayosambazwa huweza kuhaririwa kabla ya kubonyeza tuma. Nimewahi kuletewa mbili za mtu mmoja, tarehe moja, moja ikiwa na aya ambayo nyingine haina.

Ujiji tuna mfano wetu wa zamani wa karatasi yenyewe kukosekana. Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871, na salamu aliyodai kumpa inajulikana na watoto wa shule dunia nzima. Shajara yake ipo, ila kurasa za siku ile zimechanwa. Mnara upo na watalii wanakuja, ukurasa haupo.

Sasa idadi. "Maelfu ya watazamaji walalamika." Uliza: ni watu wangapi, au barua ngapi? Na waliona wenyewe, au waliambiwa? Mwaka 2004 ile tume ya Marekani ilitaka kuvitoza vituo vya televisheni vya Fox faini ya karibu dola milioni 1.2 kwa kipindi kilichoitwa Married by America, ikitaja malalamiko 159. Mwandishi mmoja akaomba nyaraka. Zikapatikana barua 90, za watu 23, na isipokuwa mbili, zote zilikuwa nakala za barua moja. Uingereza ilikwenda njia nyingine. Tarehe 18 Oktoba 2008 redio ya BBC ilirusha kipindi ambacho watangazaji Russell Brand na Jonathan Ross walimwachia mwigizaji mzee ujumbe wa matusi kwenye simu. Mwanzoni walilalamika wasikilizaji wawili. Gazeti likaandika baada ya siku nane, na malalamiko yakapita 40,000. Sisemi hao wote walikosea, kipindi chenyewe kilikuwa cha aibu na BBC iliomba radhi. Nasema tu kwamba 40,000 ni hesabu ya walioudhika na habari, na wawili ndiyo hesabu ya waliolalamika baada ya kusikia redio. Usizichanganye.

Ukishajua ukweli, namna ya kuurudisha ina adabu yake. Mfuate kwanza aliyekutumia, pembeni. Shehe au mchungaji ukimkosoa mbele ya watu 200 wa grupu atatetea heshima yake, na picha itapona. Usiirudishe picha ya uongo hata ukiiandikia UONGO kwa wino mwekundu. Kuna mtu atalikata hilo neno. Andika kwa maneno yako, ukianza na kilichotokea: "Tangazo la sabuni liliingia katikati ya adhana. Mama aliomba lisogezwe. Limesogezwa." Inatosha. Maadmini nao wakumbuke kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha habari akijua ni ya uongo kwa nia mbaya: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye lalamiko? Andika, usiogope. Ila ombi liweke juu kabisa, mahali ambapo mkasi haufiki bila kukata jina la kituo. Wateja wangu nawachapia hivi:

"Naomba tangazo la sabuni lisiingie katikati ya adhana ya magharibi. Liliingia Jumanne, saa 1 na dakika 5 usiku. Nimeona mwenyewe, nyumbani kwangu Ujiji. Sina lalamiko jingine."

Sentensi ya mwisho wengi huiona ya ajabu. Mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu anayetaka kuongeza chumvi lazima kwanza aifute. Peleka kituoni, tunza nakala, wape muda wa kujibu. Wakikaa kimya, hatua inayofuata ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, yenye Kamati ya Maudhui kwa ajili ya mambo ya utangazaji. Facebook iwe baadaye, kama italazimu. Na kama uko upande wa pili wa meza, unafungua barua za watu kama nilivyokuwa nafungua mimi, simu yako iache kwenye mkoba.

Tangazo lilisogezwa siku iliyofuata baada ya barua kufika. Fundi mitambo alichukua dakika mbili. Yule mama hakutuandikia tena kituoni. Mwaka jana ameanza kuja Gungu, na kitambaa chenye sarafu na chupa ya mawese ya kunipoza, anataka barua kwa watu wa maji, barua kwa shule ya mjukuu. Anasema, mimi nachapa. Nikimaliza namsomea yote kwa sauti, neno kwa neno, amefumba macho. Kisha ananiuliza kama mlango umefungwa, na simu yangu iko wapi.