Bustani, mbuga, viwanja: useme lipi na wapi

Bustani ni mahali mkono wa mtu umepita, yaani kuna nyasi zinakatwa, maua yanamwagiliwa, njia za kutembelea na mabenchi, mtunza bustani yupo. Hapo sema bustani usiogope. Shida ni watu wanaoona miti mingi tu washasema mbuga. Mbuga ni ya simba na nyumbu bana! Serengeti ni mbuga kwa mdomo wa mtaani, kwenye karatasi za serikali ni hifadhi ya taifa, ila bustani siyo kabisa. Ukitaka kutaja sehemu wanyama wamefungiwa watu wakalipa kiingilio kuwaangalia, hiyo ndo bustani ya wanyama.

Sehemu ya wazi ya mikutano na sherehe iite viwanja, kama viwanja vya Mnazi Mmoja pale Dar, hata kama kuna miti ya kivuli.

Sasa kwenye majina ndo uwe makini. Zanzibar ukiandika, Bustani ya Forodhani ni sawa, ila ukiwa pale Mji Mkongwe sema Forodhani tu inatosha, kila mtu anajua unaenda kula urojo na mishkaki jioni. Nairobi ndo kuna mtego, maana Uhuru Park iko katikati ya mji, ndo ile mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliipigania 1989 walipotaka kujenga ghorofa 60 humo ndani, halafu Uhuru Gardens iko huko Lang'ata Road, ndo bendera ya Kenya ilipandishwa Desemba 1963. Zote mbili ukizitafsiri zinakuwa Bustani ya Uhuru na mgeni wako anashushwa kwingine kabisa, kwa hiyo hapo acha jina la kizungu kama lilivyo au ongeza mtaa. Jeevanjee Gardens, bustani nyingine ya hapohapo Nairobi, nayo iache hivyohivyo.

Sarufi yake nyepesi: bustani hii, bustani hizi, haibadiliki kwa wingi, na ukiwa ndani unasema niko bustanini. Ila bustani peke yake nyumbani inaweza kuwa matuta ya mchicha, so ukimaanisha ya kupumzikia malizia, bustani ya kupumzikia au bustani ya mji. Na mbongo akikwambia tukutane gadeni usibebe mkeka, mara nyingi ni baa ya nje yenye nyama choma, beba hela.