Namna ya Kucheka Pamoja na Sara: Ucheshi na Imani ya Kikristo katika Siku za Kawaida

Ibrahimu alikuwa na umri wa miaka 99 alipoambiwa kwamba mkewe, aliyekuwa akikaribia miaka 90, atazaa mtoto wa kiume. Alianguka kifudifudi, akacheka. Baadaye Sara naye, akiwa amesimama nyuma ya mlango wa hema, aliisikia ahadi hiyohiyo kutoka kwa mgeni, akacheka moyoni mwake, na alipoulizwa akakana kwa sababu aliogopa. Jibu alilopewa lilikuwa fupi, kwamba sivyo, alicheka, na hakuna adhabu iliyofuata. Mtoto alipozaliwa aliitwa Isaka, jina ambalo kwa Kiebrania linatokana na neno la kucheka, na mama yake akatamka maneno ambayo ndiyo msingi wa mwongozo huu: "Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami" (Mwanzo 21:6).

Ninamwandikia Mkristo ambaye ni mchangamfu sokoni, kazini na kwenye daladala, lakini akianza kusali sauti yake hubadilika na uso wake hukunjamana, kana kwamba Mungu hakuwapo alipokuwa akicheka saa moja kabla. Ninawafahamu watu wengi wa namna hiyo, na imani yao ni ya kweli. Wanachokosa ni mazoea ya kukileta kicheko chao mbele za Mungu kama wanavyoleta machozi na mahitaji yao. Sara alianza kwa kicheko cha kujificha nyuma ya mlango na akaishia kwa kicheko cha hadharani alichowaalika wengine wakishiriki, na safari hiyo inawezekana nyumbani kwa mtu yeyote bila kuhitaji kipaji cha uchekeshaji.

Anza kwa kuyasoma Maandiko kwa sauti

Mahali pa kuanzia ni Biblia yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuisoma kwa sauti moja tu, ile ya mazishi, hata pale ambapo mwandishi ameacha mlango wazi kwa tabasamu. Chukua sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, ikiwezekana katika jumuiya au katika ibada ya nyumba kwa nyumba, na mgawane sehemu: mmoja awe msimulizi, mwingine Petro, mwingine kijakazi Roda, na waliobaki wawe watu waliokuwa wakiomba ndani ya nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko. Msianzie mlangoni. Anzieni mwanzo wa sura, ambapo Herode amekwisha kumwua Yakobo kwa upanga na Petro amefungwa minyororo miwili kati ya askari wawili, ili uzito wa usiku ule uwaingie kwanza. Kisha msome polepole jinsi Petro, akiwa amefunguliwa na malaika, anavyobisha hodi, na jinsi Roda anavyoitambua sauti yake, akafurahi hata akasahau kufungua, akarudi mbio ndani kutoa habari. Watu waliokuwa wakiomba kwa bidii kwa ajili ya Petro wanamwambia kwamba ana wazimu. Anaposisitiza, wanasema kwamba huyo ni malaika wake. Wakati huo wote aliyeombewa yuko nje gizani, akiendelea kugonga.

Mkifika hapo, nyamazeni kidogo na mwache watu wacheke, kwa maana watacheka. Halafu kila mmoja ajiulize ni jibu gani la maombi yake liko mlangoni likigonga huku yeye akiendelea kuliomba. Nimeona swali hilo, likija baada ya kicheko, likiwafungua watu ambao lingewafunga kama lingekuja baada ya karipio. Mtu anayecheka habari za wale waliomwambia Roda kuwa ana wazimu amekwisha kukiri, bila kulazimishwa, kwamba naye angesema vivyo hivyo.

Baada ya hapo endeleeni na Eutiko wa Troa katika sura ya 20, yule kijana aliyekaa dirishani ghorofa ya tatu, chumbani mlimowaka taa nyingi, akalemewa na usingizi Paulo alipozidi kuhubiri hata usiku wa manane, akaanguka chini. Wasomaji wengi hukomea pale alipookotwa amekufa na Paulo akamkumbatia akiwa hai tena. Someni mpaka mwisho: Paulo akapanda tena juu, akamega mkate, akaendelea kuzungumza nao mpaka alfajiri. Somo hili linawafaa wazee wa kanisa na vijana wanaosinzia ibadani kwa kiasi kilekile, na ni vizuri lisomwe wote wakiwapo. Punda wa Balaamu katika Hesabu 22 na hasira ya Yona juu ya mtango ulionyauka vinaweza kufuata wiki zinazokuja.

Jioni, kabla ya sala ya usiku

Mazoea ya pili ni ya nyumbani. Wakristo wa madhehebu mengi wamefundishwa kuichunguza siku yao jioni, wakitafuta mahali walipokosea na mahali walipopokea neema. Ongeza swali moja tu: leo nilicheka wapi, na Mungu alikuwa akinionyesha nini hapo? Kama mko wengi, kila mtu asimulie jambo moja, na sharti liwe kwamba mtu husimulia kwanza lililompata yeye mwenyewe kabla ya kusimulia la mwingine. Sharti hilo ni la muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu nyumba inayoanza kwa kucheka makosa ya wengine humaliza juma la kwanza kwa kununiana. Filipo Neri, padri aliyeishi Roma katika karne ya 16 na ambaye Kanisa Katoliki linamheshimu kama mtakatifu wa furaha, anasimuliwa kwamba alinyoa ndevu zake upande mmoja tu na kutoka nje hivyo, ili watu wasizidi kumsifu kwa utakatifu. Alianza na kidevu chake mwenyewe.

Nitatoa mfano mmoja ili njia hii ieleweke. Mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa amekaa kanisani karibu na bibi yake. Padri alipowasalimu waumini kwa kusema "Bwana awe nanyi," mtoto akamgeukia bibi yake, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka madhabahuni, "Bibi, Bwana awe nani?" Watu wa viti vitatu walishindwa kujizuia. Jioni ile bibi alisimulia jambo hilo nyumbani, na baada ya wote kucheka akalifungua swali lilelile katika Mathayo 16, ambapo Yesu anawauliza wanafunzi wake, "Nanyi mwaninena mimi kuwa ni nani?" Kisha akamtaka kila aliyekuwapo ajibu kwa sentensi moja. Watu wazima walichukua muda mrefu kuliko mtoto. Bibi yule hakulitumia swali la mtoto kuwa chambo cha mahubiri. Alilisikiliza, akatambua kwamba lilikuwa swali la kweli lililovaa mavazi ya kosa la kusikia, na hiyo ndiyo kazi yote ninayokuomba uifanye jioni.

Watoto watakupa mambo mengi ya namna hii. Jihadhari usiwafanye waone kwamba wanachekwa. Mtoto aliyechekwa mara moja wakati wa sala anaweza kunyamaza kwa miaka mingi. Ukicheka, mweleze mara moja kwa nini umefurahi, na umshukuru.

Mnadani na msibani

Makanisa mengi ya Tanzania humaliza ibada kwa mnada wa sadaka za mazao: kuku, mayai, miwa, mkungu wa ndizi. Mkungu mmoja unaweza kununuliwa na kurudishwa mezani mara mbili au tatu ili unadiwe tena, na mnadishaji hodari hufanya watu watoe kwa furaha kwa maneno yake ya uchangamfu. Kama umepewa kazi hiyo, usifu bidhaa kadiri unavyoweza na mtanie jogoo aliyewika katikati ya mahubiri, lakini usiguse kamwe kiasi alichotoa mtu. Mama aliyeleta mayai mawili ameleta sadaka, naye hapaswi kurudi nyumbani akikumbuka kicheko cha watu.

Msiba unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa maana hapo ndipo watu wengi huogopa, na wana sababu. Mila zetu zina hekima ambayo Mkristo hana haja ya kuitupa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na vivyo hivyo Wachaga na Wapare. Mtani anaweza kufika msibani akaigiza mwendo wa marehemu, akadai fedha kabla jeneza halijapita, au hata akajilaza ndani ya kaburi na kukataa kutoka. Wako viongozi wa dini wanaoona haya kuwa utovu wa heshima. Kwa maoni yangu wanasahau upande wa pili: mtani kwa desturi ana wajibu wa kusaidia katika maziko, na haki yake ya kutania inatokana na jembe alilolishika. Anayechekesha ndiye aliyebeba, aliyechimba na aliyekaa usiku kucha. Ucheshi wake una gharama aliyoilipa mwenyewe.

Kwa hiyo, ukitaka kuleta faraja ya kicheko msibani na wewe si mtani, fanya kwanza kazi ya mtani. Chota maji, panga viti, keti na wafiwa. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro kabla ya kumwita atoke, na Paulo anapowaandikia Warumi anawataka wafurahi pamoja na wafurahio na walie pamoja na waliao, bila kuwapa ruhusa ya kuchagua lililo rahisi. Siku ya tatu au ya nne, wafiwa wenyewe wanapoanza kumsimulia marehemu, ndipo unapoweza kueleza jambo la kweli na la kuchekesha alilolifanya, ukimtazama mjane usoni unaposimulia. Akitabasamu, endelea. Akiinamisha macho, malizia hapo na useme ulimpenda.

Kipimo cha Sara

Si kila kicheko kinafaa kuingia katika maisha ya imani. Paulo anawaonya Waefeso juu ya maneno ya upuzi na kuwaelekeza kwenye kushukuru, na Mithali 26 inamfananisha mtu amdanganyaye mwenzake kisha akasema alikuwa akifanya mzaha tu na mwendawazimu arushaye mienge na mishale. Wako waliotumia maneno haya kuzima furaha yote, jambo ambalo sidhani Maandiko yanalitaka. Kipimo kilicho wazi kiko katika kauli ya Sara yenyewe: "atacheka pamoja nami." Kabla ya kusema jambo, jiulize kama mtu atakayetajwa, akiwa ameketi hapo, atacheka pamoja nawe. Kama hutaki awepo, nyamaza.

Jambo lililompa Sara kicheko, yaani tumbo lililokaa miaka mingi bila mtoto, ndilo jambo ambalo Penina alilitumia kumchokoza Hana, mke mwenzake, mwaka baada ya mwaka mpaka Hana akalia na kukataa kula (1 Samweli 1). Utasa ni uleule katika habari zote mbili, lakini kicheko cha Sara kilitoka kwa Mungu na kilikuwa chake mwenyewe kukitangaza, wakati uchokozi wa Penina ulitoka kwa mtu aliyekuwa na kile ambacho mwenzake hakuwa nacho. Tunarudia kosa la Penina katika harusi na vikao vya familia kila tunapomwuliza dada aliyeolewa miaka mitano iliyopita, kwa kicheko, kwamba mbona bado. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu wanaouliza hivyo mara nyingi ni watu wanaosali vizuri. Ugonjwa, umaskini, kuachika, kabila la mtu asiyekuwa mtani wako, na jambo uliloambiwa kwa siri ya maombi, vyote viache. Mwenye jambo lake akiamua siku moja kulichekea, umfuate.

Kuhusu kumtania Mungu mwenyewe, wapo wanaotetemeka wakilifikiria. Tarehe 14 Juni 2024 Papa Fransisko aliwapokea Vatikani wachekeshaji zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, akawaambia kwamba inawezekana kumcheka hata Mungu, na kwamba hilo si kufuru, kama vile tunavyocheza na kutaniana na watu tunaowapenda. Akaongeza kwamba lifanyike bila kuumiza hisia za kidini za waumini, hasa maskini. Neno la kushika hapo ni upendo. Utani hukaa palipo na undugu.

Siku ambayo kicheko hakiji

Kutakuwa na jioni ambapo swali la sala ya usiku litakosa jibu, na hupaswi kulitungia jibu. Sema tu kwamba leo sikucheka, na utaje sababu. Kicheko cha kwanza cha Sara kilikuwa na uchungu wa miaka mingi ndani yake, na Mungu alikitambua, akakitaja, akamwachia ahadi ileile. Kama unachoweza kumpelekea Mungu ni kicheko cha namna hiyo, cha mtu aliyeahidiwa mno na kungoja mno, kipeleke kilivyo.

Anayeishi peke yake hana wa kumsimulia, na kwake ninapendekeza penseli. Kila anapokumbuka jioni jambo lililomchekesha na kumshukuru Mungu kwa hilo, aandike tarehe pembeni mwa Mwanzo 21:6 pamoja na neno moja la kumkumbusha. Katika Biblia yangu ukingo wa ukurasa ule umekaribia kujaa, na moja ya maneno yaliyoandikwa hapo ni "nanyi."